Kichwa Kilichoinama Mlangoni

Mimi si mtu wa michezo ya kompyuta, na hilo nalisema mapema kabla hujanifikiria vingine. Niko na miaka arobaini na nne. Kwa muda mrefu sasa kazi yangu ni kutunza maktaba ndogo hapa Kitengela, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini yetu wanauza misumari na mabati, na mbele yetu malori ya mawe yanapita kutwa kwenye barabara ya Namanga. Vumbi la machimbo ndilo msomaji wangu mwaminifu kuliko wote. Linaingia kabla sijafungua mlango, linakaa kwenye kila rafu, na halijawahi kurudisha kitabu.

Wanaonijua watakwambia hasira zangu ziko karibu. Ni kweli. Mtu akikunja ukurasa wa kitabu ili aweke alama, damu inanipanda. Mtu akiongea na simu kati ya meza zangu, namkazia macho mpaka anatoka mwenyewe. Nilizaliwa na mama aliyehamia huku kutoka Murang'a akiuza maharagwe, mwanamke mkali hata kwa kuku wake, na huo ukali aliniachia wote. Nasema haya ili uelewe ni mtu wa aina gani aliyefanya kosa ninalotaka kulisimulia, na kwa nini mpaka leo namshukuru Mungu kwamba kuna mtu alipita nyuma ya kiti changu kwa wakati.

Mambo yote yalianza na ngazi. Siku moja watu watatu wenye viti vya magurudumu walifika pale chini, wakaziangalia ngazi zetu, wakamtuma mlinzi aniite. Mlinzi wetu ni mzee wa Kimaasai wa kutoka upande wa Oltepesi, mwenye maneno machache na mzaha mwingi. Aliniambia niko na wageni na wageni hawapandi. Nikashuka nikiwa tayari kuomba msamaha kuhusu jengo. Msamaha huo nimeuomba miaka mingi na jengo bado ni lile lile.

Kumbe hawakuja kulaumu jengo. Walikuwa viongozi wa chama cha watu wenye ulemavu, wengine wa hapa Kitengela na wengine wa Kajiado, na walikuwa wamejenga kijiji. Kijiji chenyewe kiko ndani ya mtandao. Ukitaka kuingia unajichagulia mtu wa kwenye skrini ambaye wao humwita avata, na mimi nilimwita mwanasesere, na huyo ndiye anatembea badala yako. Chama kilikuwa kimewapa wanachama tableti na kuwafundisha kuzitumia kwa picha. Watu ambao miguu yao haijawahi kuwabeba walikuwa wanapanda vilima, wanacheza densi, wanakimbia hadi sokoni bila sababu yoyote ila kukimbia. Kulikuwa na kanisa, uwanja, mkahawa usiouza chochote, na nyumba moja tupu waliyoiwekea rafu. Mle ndani ndimo walinitaka, Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi.

Nilianza kutoa visababu. Mwenyekiti wao, mama mwenye sauti iliyozoea kusikizwa, alinisubiri nimalize kisha akasema, "Sisi hatuwezi kupanda kuja kwako. Basi wewe njoo kwetu."

Ungemjibu nini mtu kama huyo, umesimama kwa miguu yako miwili kwenye ngazi ya kwanza? Nikakubali.

Kumtengeneza mwanasesere wangu kulinichukua asubuhi nzima. Nilikuwa natafuta nywele fupi, nikabofya pasipostahili, nikajikuta na kichwa cheupe pe, mgongo umepinda, na bakora mkononi. Shosho kabisa. Nilijaribu kumrudishia ujana wake nikashindwa, na kila nikibofya anazidi makunyanzi. Mwishowe nikamwacha alivyo. Nikajiambia watu wanakuja kutafuta vitabu, hawaji kunitafutia mchumba.

Kile nilichofanya baadaye kilikuwa kibaya zaidi, ingawa wakati huo nilijiona fundi. Niliihamisha maktaba yangu nzima, na sheria zake, nikaipeleka kule. Juu ya meza nilitundika kibao cha herufi kubwa: KIMYA TAFADHALI. Nikafunga maikrofoni yangu. Chini ya kibao cha kwanza nikatundika cha pili: ANDIKA HAPA KITABU UNACHOTAKA. Nyumba ile haikuwa na mtu wa kusumbuliwa na kelele. Kila mmoja alikuwa kwao, kwenye kitanda chake au kiti chake, kilomita nyingi kutoka kwa mwenzake. Lakini maktaba ni kimya, si ndivyo nilivyofunzwa? Basi kimya kikawa.

Na ilikwenda vizuri. Watu walikuja, wakaandika, nikawatumia vitabu kwenye tableti zao. Mwanamume mmoja alisoma kila kitu tulichokuwa nacho kuhusu ufugaji wa nyuki. Nilianza kuzingoja Jumanne na Alhamisi kuliko nilivyotaka watu wajue.

Halafu akaja yule msichana. Mwanasesere wake alikuwa na sare ya shule: sweta nyekundu, sketi ya kijivu, soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini, begi mgongoni. Aliingia polepole, akafika mbele ya meza yangu, pale pale mlangoni, akainamisha kichwa. Akabaki hivyo. Niliandika, "Karibu. Nikusaidie?" Kimya. Niliandika, "Unatafuta kitabu gani?" Kimya. Nyuma yake watu wawili walikuwa wanangoja, na kwa vile mlango wenyewe ulikuwa mwembamba, hawakuweza kumpita. Nikajua basi, mtandao umemkwamisha. Nilimpa dakika tano, nikabofya kitufe cha kumtoa, akapotea.

Alhamisi akarudi. Sare ile ile, kichwa chini vile vile. Sasa nikaingiwa na wazo lingine. Ilikuwa saa tisa ya mchana, katikati ya muhula. Nikaona kabisa, kwa macho ya akili yangu, mtoto fulani aliyetoroka shule akachukua tableti ya mzazi wake aje kunichezea. Damu ikanipanda. Niliandika maneno haya, nayakumbuka herufi kwa herufi: "Wewe ni mwanafunzi? Saa hii unafaa kuwa darasani. Rudi shule." Nikamtoa kabla hajajibu. Nilijisikia vizuri kweli, kama mtu aliyefanya kazi yake.

Jumanne iliyofuata alikuwa pale tena. Mtu akitolewa mara tatu, nyumba ile inamfungia asiingie tena, na hilo nililijua. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Mlinzi alikuwa amenipandia na kitabu cha wageni ili nitie sahihi, kama kila siku, na kwa kuwa ni mtu wa kupenda kujua, aliinama juu ya bega langu. Akauliza huyo mtoto ni wa nani. Nikamwambia si wa mtu, amekwama, na sasa namtoa kabisa.

Alikaribia skrini mpaka nikasikia harufu ya ugoro.

"Madam, huyo hajakwama," akasema. "Huyo anangoja umguse kichwa."

Niliondoa kidole. Nimeishi Kitengela tangu nikiwa mtoto. Nimepita kwenye njia hizi nikikutana na watoto wa majirani zetu Wamaasai, wakiniinamishia vichwa, na mkono wangu ukiwagusa wenyewe, nikiendelea na gumzo langu bila hata kutazama. Mtu mdogo huinama, mkubwa humgusa, ndipo maneno yaanze. Mpaka umguse, yeye hana la kusema. Mkono wangu ulilijua jambo hilo miaka arobaini. Lakini kwenye skrini nilikuwa nimeona mashine mbovu.

Sasa nitamgusaje? Nilitafuta kwenye vitufe. Kulikuwa na kupunga mkono, kuinama, kupiga makofi, kucheza, kuketi. Kugusa kichwa hakuna, maana waliotengeneza ulimwengu ule hawakuwa na majirani kama wangu. Mlinzi akauliza kama hakuna kitu chochote kinachonyoosha mkono. Kilikuwepo kimoja: kumpa mtu kitabu. Nikakibofya. Yule shosho wangu akanyoosha mkono polepole mbele ya kifua, kitabu kikiwa kiganjani, na kwa sababu msichana alikuwa ameinama, mkono na kitabu vikatua juu ya kichwa chake. Mlinzi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniambia nimsalimie kwa mdomo, si kwa kuandika, na akanikumbusha salamu yenyewe, ile ya kumsalimia mwanamke.

Nikafungua maikrofoni, chini ya kibao changu mwenyewe cha kimya. Nikasema, "Takwenya."

Halafu ikaja sauti, na haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya mama mtu mzima, nzito kidogo, yenye woga.

"Iko," akajibu, na yule msichana wa sare akainua kichwa.

Aliniita Koko. Kwa Kimaasai koko ni nyanya, na yeye alikuwa anaziona nywele zangu nyeupe na bakora yangu, angeniita nani tena? Aliniomba radhi kwa kunisumbua siku zote hizo. Alisema alidhani amenikosea adabu ndiyo maana namfukuza. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, lile jambo refu nililomwandikia Alhamisi lilikuwa linasema nini, kwa sababu yeye hajui kusoma.

Nilimdanganya. Nilimwambia lilikuwa linasema "karibu". Mlinzi alinitazama, akachukua kitabu chake cha wageni, akashuka.

Mambo yake niliyajua kidogo kidogo. Alikuwa anaishi nje kidogo ya mji wa Kajiado. Alipokuwa mtoto aliugua, miguu ikakataa, na ndugu zake walipokwenda shule, yeye aliachwa nyumbani na sanduku la shanga. Shanga alizijua kuliko mtu yeyote, na kwa hizo alimlea binti yake peke yake baada ya mume kufariki, akamsomesha mpaka akawa nesi. Lakini kusoma hakujua, na binti hakujua kwamba mama hajui. Barua za shule zikija alikuwa anasema amepoteza miwani. Ripoti za mwisho wa muhula alizishika kwa mikono miwili, akazitazama juu hadi chini, halafu akamwuliza binti, wewe mwenyewe unaonaje? Alinieleza haya akicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyechoka.

Sasa binti alikuwa anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa amekuja nyumbani na habari mbili. Ya kwanza, mama ndiye atasoma neno la Mungu kanisani siku ya harusi, wala si mjomba wala mzee wa kanisa. Ya pili, ametafuta nafasi kwa daktari wa macho, mama apimwe apate miwani yake, hadithi ya kupotea iishe. Mama alikubali yote mawili kwa sababu hakuona pa kukatalia. Kwa daktari alionyeshwa ubao wa herufi. Angesema herufi gani? Akasema haoni. Zikawekwa kubwa zaidi, akasema haoni. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, angeweza kuona shanga iliyodondoka kwenye nyasi, lakini alitoka pale na miwani mizito kama kitako cha chupa. Akiivaa, dunia yote inakuwa uji. Na kila binti akija nyumbani, mama anaivaa, anagonga meza, anamwaga chai, na binti anafurahi.

Hilo ndilo alilolileta mezani kwangu. Akishindwa siku ile, hatashindwa faraghani. Binti angejua mbele ya kanisa zima, na bwana harusi na ukoo wake, kwamba miaka yote ile ya ripoti ilikuwa uongo. "Sitaki cheti," aliniambia. "Nataka nisome huo ukurasa mmoja tu, asijue."

Nikamwuliza kwa nini alijichagulia sare ya shule. Akasema aliona picha nyingi za nguo, na hiyo ndiyo pekee ambayo hajawahi kuvaa.

Nilikwenda kuosha uso baada ya hapo. Sijui kulia vizuri, huwa nakuwa na hasira badala yake, na siku hiyo hasira zote zilikuwa zangu mwenyewe.

Niliteremsha kibao cha kimya. Hakijarudi mpaka leo. Tukaanza darasa, Jumanne na Alhamisi, baada ya wengine kuondoka. Kila mara lilianza vile vile: anainama, nampa kitabu kichwani, takwenya, iko, ndipo tunaketi. Mimi si mwalimu, na wiki za kwanza nilikuwa mbaya. Nilimpa herufi kama zilivyo kwenye vitabu vya watoto, akazichanganya, nikapandisha sauti, akanyamaza. Siku moja nilipandisha sauti kupita kiasi nikadhani hatarudi. Alhamisi alirudi, akaniambia kwamba mama yake alikuwa mkali hivyo hivyo akimfundisha shanga, kwa hiyo amezoea.

Na ni yeye aliyepata njia. Aliziangalia irabu zetu tano akaona ni chache, akazipa rangi. A ikawa nyekundu, E buluu, I nyeupe, O ya machungwa, U kijani. Kila silabi aliitunga kwenye waya, nyumbani kwake, shanga nyeusi ya mwanzo, kila konsonanti na ukubwa wake, halafu rangi ya irabu. Mimi nilimsomea neno, yeye alilitunga, halafu akalisoma kutoka kwenye mapaja yake. Maneno marefu ya Kiswahili, yale yanayomfanya mtu mzima kukata tamaa, yeye hayakumtisha, kwa sababu mkufu mrefu si mgumu kuliko mfupi, alisema, unahitaji muda tu. Niliwahi kumpa "watakaokusanyika" kwa ukorofi wangu. Nikasikia shanga zikigongana. Kisha akalisoma lote, polepole, mpaka mwisho, akaniuliza kama niko na lingine.

Tulichekana pia. Yeye "f" ilikuwa inamtoka "p", "fahari" ikawa "pahari", na mimi nilipomsahihisha nilimsomea sentensi yenye "l" na "r" nyingi, nikajikanyaga vizuri kama watu wa kwetu tunavyojikanyaga. Alicheka mpaka yule msichana wa sare akaanza kutingishika kwenye skrini. Mlinzi alikuwa anapanda kusikiliza kutoka mlangoni akijifanya anakagua madirisha. Stima ikipotea, ambayo hapa ni jambo la kila wiki, tuliendelea kwa simu yangu mpaka ikazimika.

Kitu kimoja sikumwambia, kwamba mimi si koko. Nilijaribu mara moja, nikaishia kumpa neno lingine alitunge. Alikuwa akisema, kabla ya kuanza, kwamba Mungu amempa nyanya wakati ambapo nyanya zake wote wamekwisha. Nikabaki na mvi zisizo zangu, na heshima isiyo yangu, na nikazichukua zote.

Kufika mwezi wa kumi na moja aliusoma ukurasa wake mara tatu bila kosa. Tatizo lililobaki lilikuwa miwani. Binti angetaka aivae, na akiivaa hataona hata Biblia yenyewe iko wapi. Nilimshauri aivae mpaka mlangoni kisha aiache kwenye mkoba. Alisema atajua siku yenyewe.

Alitualika wote wawili, mimi na mlinzi. Tulitoka Kitengela asubuhi, tukapita Isinya, upepo ukituletea vumbi kama vile lilitaka nalo kuhudhuria. Mlinzi alivaa koti na shuka jipya juu yake. Kanisa lilikuwa la mawe na mabati, limejaa, na tuliketi karibu na mlango. Mbele kabisa nilimwona kwa mara ya kwanza, kwenye kiti chake cha magurudumu, mkufu mpana wa shanga shingoni, na ile miwani usoni. Nikamshika mlinzi mkono.

Wakati ulifika. Alisukumwa mpaka katikati, akapewa Biblia, akaifungua mahali palipowekwa utepe. Akatazama chini. Akatazama tena. Niliona mikono yake ikikisogeza kitabu mbali, ikakileta karibu. Mtu alikohoa. Mwanamke mmoja mbele yetu alimnong'oneza mwenzake kwamba maskini, macho yamekuwa mabaya. Nilijua anachokiona ni uji. Nilijua pia kwamba hapo alikuwa na njia ya kutokea: angesema tu macho yamekataa, na kila mtu angemwamini, na siri yake ingebaki salama mpaka kaburini.

Akaivua miwani.

Bibi harusi alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Niliona uso wake ukishangaa, na halafu nikauona ukielewa, si yote kwa mara moja, bali hivi, kitu baada ya kitu, kama mtu anayerudi nyuma kwenye ripoti moja baada ya nyingine. Mama yake alikuwa amemgeukia, miwani mkononi, akimngoja. Binti akanyoosha mkono akaipokea. Akaishika pamoja na maua yake, na hakuiachilia mpaka ibada ilipokwisha.

Ndipo mama akasoma. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari, midomo ikitunga silabi kabla ya kuzitoa. Neno moja lilimkwama. Mkono wake wa kushoto ukashuka kwenye mapaja, vidole vikasugua vidole, vikitafuta shanga ambazo hazikuwepo, na mimi kule nyuma nilikuwa nalitamka kimoyomoyo huku nikimng'ang'ania yule mzee wa watu mpaka akaniambia namwumiza. Likatoka. Alisoma mpaka nukta ya mwisho, akafunga kitabu, na watu wakasema amina kama wanavyosema kila Jumapili. Hawakujua walichosikia. Waliojua tulikuwa wanne, na binti alikuwa analia waziwazi. Watu walidhani ni mambo ya harusi.

Baadaye, uani, wakati wa chakula, nilimwendea. Alikuwa anaangalia huku na huku, na nilijua anamtafuta nani: kikongwe mwenye kichwa cheupe. Macho yake yalinipita mara mbili. Nikasimama mbele yake nikasema tu kwamba ni mimi, na sauti akaijua. Alinitazama nywele nyeusi, viatu vya visigino, uso usio na kunyanzi hata moja la maana.

Aliniuliza niko na miaka mingapi. Nikamwambia. Yeye alikuwa na arobaini na sita.

Nilimwomba msamaha. Nilimweleza kuhusu kile kitufe cha nywele, na jinsi nilivyoshindwa kumwambia. Alicheka sana, akapangusa macho kwa ncha ya shuka. Halafu akatoa tableti kutoka pembeni ya kiti, akasogeza skrini juu, juu zaidi, mpaka mwanzo kabisa. Sikuwahi kufikiri kwamba maneno yale yanabaki.

"Hii nilijisomea mwenyewe mwezi wa tisa," akasema. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma, silabi kwa silabi, bila kukosea: "Wewe ni mwanafunzi? Saa hii unafaa kuwa darasani. Rudi shule."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilifungua mdomo nijieleze, lakini aliniinulia mkono.

"Si nilirudi," akasema.

Tangu mwezi wa tisa alikuwa ameyajua maneno yale, na mara ngapi tangu hapo alikuwa amekuja mezani kwangu, ameinama, amengoja mkono wangu. Nikapiga magoti palepale, kwenye vumbi, na gauni langu la kuendea harusi, nikainamisha kichwa mbele ya kiti chake. Yeye ndiye mkubwa. Nilisikia mtu akiuliza kama yule mgeni ameshikwa na kizunguzungu, na nikasikia mlinzi akimjibu kwamba hapana, aachwe, anasalimiwa.

Mkono wake ukatua juu ya kichwa changu, mzito, na bangili zake za shanga zikanigusa sikio.

"Takwenya," akasema.

"Iko," nikajibu, na sikuwa na haraka ya kuinuka.